Gereji ya Nyakato inayopima presha ya petroli kabla hujanunua pampu

Wakuu, kama una gari ya zamani hapa Mwanza inakuzimikia barabarani na kila fundi anakwambia nunua pampu, naomba usinunue kwanza. Iko gereji Nyakato, upande wa viwandani, ukitoka mjini unapita Mabatini na Buzuruga alafu unaingia ndani kidogo, haina kibao, ukiwauliza bodaboda kwa mzee anayetengeneza injini za mitumbwi watakupeleka moja kwa moja. Naandika kwa urefu maana nimeona watu wengi wanaumizwa na hili tatizo la mafuta kwenye gari za zamani, wanabadilisha spea mpaka wanaamua kuuza gari kwa bei ya kutupa, na gari yenyewe unakuta haina ugonjwa mkubwa.

Gari yangu ni Corolla AE100, wenyewe tunaiita 100, ya 1993, injini 5A-FE, EFI (yani petroli inapulizwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta, sio kabureta), gia za manyuo. Tatizo lilikuwa hivi, asubuhi unapiga stata mpaka unaona huruma na betri ndo inashika, ikishawaka sailensa (injini ikiunguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta) inatulia vizuri kabisa huwezi kujua kama ina shida, unatoka nayo nyumbani mpaka mjini barabara ya tambarare haina neno. Sasa ipeleke mlimani. Ukipanda kilima cha hospitali ya Bugando ukakanyaga mafuta inajikokota, inamisi, inarukaruka, na kama mshale wa mafuta umeshuka chini ya robo basi inazima katikati ya kilima na magari ya wagonjwa yako nyuma yako. Ukiiachia irudi mpaka pametulia, ukasubiri kidogo, inawaka kama haikuwa yenyewe. Hiyo ndo inayochanganya, maana ukifika kwa fundi inaunguruma vizuri na fundi anakuangalia kama unamsumbua.

Sitaji mtu wala gereji ya nyuma, haina maana. Ila yaliyofanyika ni haya: plagi zilibadilishwa, waya za plagi zikabadilishwa, filta ya petroli ikabadilishwa (hiyo sawa, ilikuwa ya siku nyingi), nozeli zikaoshwa, pampu ikawekwa mpya, na baada ya hapo nikaambiwa hiyo pampu mpya nayo imekufa, ni feki, ninunue nyingine. Sababu aliyonipa fundi ni kwamba akiweka swichi ON hasikii pampu ikilia kule nyuma. Wapo pia walioniambia nimewekewa mafuta yaliyochakachuliwa, na mwingine akaja na mashine ya kupimia kompyuta akazunguka gari nzima anatafuta pa kuchomeka hakupaona, akasema kontroo boksi, yani kompyuta ya injini, imekufa. Yani hakuna hata mmoja aliyepima mafuta yenyewe yanatoka kwa nguvu gani. Hata mmoja.

Kule Nyakato mzee hakufungua boneti kwanza. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza maswali akiwa amekaa kwenye ndoo. Inazima mafuta yakiwa wapi kwenye mshale? Inasumbua ikiwa ya baridi au ya moto? Taa ya injini inawaka ukiwa unaendesha? Ikizima, inazima ghafla kama umetoa ufunguo au inakohoa kwanza? Alafu swali ambalo mi naona ndo lilifungua kesi: "Mwanangu, nani alifungua tanki mara ya mwisho, na tatizo hili la mlimani lilikuwepo kabla hajafungua?" Nikakumbuka vizuri, kabla ya ile pampu mpya gari ilikuwa inachelewa kuwaka tu, kuzima mlimani kulianza baada. Akamwangalia kijana wake wa spana, hakusema kitu, wakaanza kazi.

Walianza na moto, sio mafuta. Plagi moja ikatolewa ikaegeshwa kwenye bodi, stata ikapigwa, cheche ipo, ya bluu, kali. Mzee akanieleza gari ikikataa kuwaka asubuhi unatakiwa ujue kwanza ni moto au ni mafuta, na njia rahisi ni kupuliza kidogo kabu klina kwenye njia ya hewa, injini ikishtuka ikawaka sekunde moja ikazima basi moto upo, kilichokosekana ni mafuta. Alafu akachukua kipande cha waya akaunganisha TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS kwenye boneti, akaweka ON, taa ya injini kwenye dashibodi ikawa inapepesa haraka haraka kwa mpangilio mmoja bila kukatika, maana yake kompyuta haina kosa lolote iliyohifadhi. Hakuna mashine, hakuna laptopu. Corolla hizi za Japani za miaka ile hazina ile soketi ya kisasa ya kupimia, zinasomwa kwa kuhesabu taa, na yule aliyesema kontroo boksi imekufa alikuwa anatafuta kitu ambacho gari haijawahi kuwa nacho.

Na habari ya pampu kutolia ukiweka ON, hapa naomba wenye Toyota za zamani mnisikilize vizuri. Nyingi ya hizi gari pampu hailii kwenye ON. Inapata umeme pale unapopiga stata, na inaendelea kupata injini ikiwa inazunguka, kuna relei chini ya dashibodi inaitwa sakiti opening relei ndo inayoamua, injini ikisimama inakata. Imewekwa hivyo ili ukipata ajali injini ikazima pampu isiendelee kumwaga petroli. Kwa hiyo kimya kwenye ON sio ushahidi wa chochote. Ukitaka kuisikia bila kuwasha injini kwenye hicho hicho kiboksi cha DIAGNOSIS unaunganisha +B na FP, unaweka ON, pampu inazunguka yenyewe. Kijana akaunganisha, akanambia "bosi weka sikio kwenye mfuniko wa tanki", nikasikia inalia vizuri kabisa. Pampu niliyoambiwa imekufa.

Sasa hapo ndo ikatoka geji. Geji ya presha ya petroli sio kitu cha ajabu, ni kisaa cha mshale na mpira na nati zake, ila kwenye gereji zote nilizopita sikuiona. Kabla ya kufungua walichomoa soketi ya pampu, wakawasha injini ikala mafuta yaliyobaki kwenye paipu mpaka ikazima yenyewe, ndo wakatoa waya wa hasi wa betri, maana paipu ya EFI ina presha na ukifungua nati kwa pupa petroli inakurukia usoni. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa umewekwa pale karibu na ndoo ya mchanga, na jamaa mmoja aliyekuwa anasubiri gari yake aliambiwa akavutie sigara barabarani. Hilo nililipenda sana, tumeona gari zikiungua kwa mambo madogo kama haya.

Geji ikafungwa kwenye ile nati ya filta iliyoko kwenye boneti, na washa za shaba mpya pande zote mbili, akasema washa ya shaba ikishabanwa mara moja imekula umbo lake, ukiirudisha itavuja tone tone juu ya injini ya moto. Injini ikawashwa. Kipimo cha hii 5A ukichomoa kimpira cha vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kwenye regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti presha ya petroli, kinatakiwa kiwe kati ya 38 na 44 psi, ukirudisha kimpira injini ikiwa sailensa presha inashuka kwenye 31 mpaka 37 hivi. Ya kwangu na kimpira kimechomolewa ilikuwa inachezea 26. Kijana akapiga resi, mshale ukaanguka chini ya 20 na injini ikaanza kukohoa vilevile inavyokohoa Bugando. Nilikuwa nimesimama pale natazama ile saa, kwakweli nilifurahi, maana kwa mara ya kwanza ugonjwa ulionekana kwa macho na sio kwa maneno ya mtu.

Mzee akasema sailensa inadanganya, injini ikiwa imetulia inakunywa kidogo sana na kompyuta inajitahidi kuongeza muda wa nozeli kufunguka, kwa hiyo hata presha ikiwa mbovu gari inatulia. Ukidai nguvu ndo deni linaonekana.

Presha ndogo ina wazazi wengi na hapa ndo watu wanabahatisha. Inaweza kuwa pampu imechoka, filta imeziba, soksi ya pampu imejaa uchafu, umeme unaofika kwenye pampu ni mdogo, regyuleta inaachia mafuta yarudi tanki mapema, au kuna mahali panavuja. Walichofanya ni kutoa mmoja mmoja. Kimpira cha vakyumu kilinuswa kwanza, kama kingekuwa na petroli ndani basi kiwambo cha regyuleta kimetoboka, hapo gari ingekuwa inatoa moshi mweusi na inakula mafuta vibaya. Kilikuwa kikavu. Alafu wakabana mpira wa riteni, ule unaorudisha mafuta tanki, sekunde moja mbili tu kwa koleo iliyofungwa mpira isikate. Mafuta yakikosa pa kurudi presha lazima iruke juu, ikiruka ujue pampu ni nzima na regyuleta ndo mbovu. Ya kwangu ilipanda kidogo tu ikagoma. Maana yake shida iko nyuma, kati ya tanki na filta, regyuleta haihusiki.

Wakaja kwenye umeme. Kiti cha nyuma kikanyanyuliwa, kwenye 100 kuna mfuniko wa bati chini ya kiti na chini yake ndo kuna kichwa cha pampu, huhitaji kushusha tanki. Wakapima pale pale kwenye soketi pampu ikiwa inazunguka, betri ilikuwa 12.4 na pampu inapata 11.8. Akasema ingekuwa 9 au 10 tungetafuta relei iliyoungua meno au eathi yenye kutu, na pampu ingezunguka kivivu na mtu angekuuzia pampu tatu ugonjwa ukiwa waya. Umeme ukapita mtihani. Filta ilikuwa mpya lakini hakuiamini kwa sababu ni mpya, aliifungua akapuliza, ikapita vizuri.

Kitu kingine walichoangalia ni presha baada ya kuzima injini. Kitabu cha Toyota kinataka baada ya dakika 5 ibaki angalau 21 psi. Yangu mshale uliporomoka mpaka sifuri ukiwa unauangalia. Ndo ile stata ndefu ya asubuhi, paipu zote zinakuwa tupu na pampu inaanza kujaza upya kutoka tanki mpaka mbele. Kwa hiyo magonjwa mawili niliyokuwa nayaona tofauti, asubuhi na mlimani, yakaanza kuonekana ni nyumba moja.

Ilibaki kufungua pampu. Uchafu wote wa juu ya mfuniko ulisafishwa kwa brashi na hewa kwanza usidondokee tanki, alafu mkono mzima wa pampu ukatoka. Wakuu, kuna kipande cha mpira kifupi, hata urefu wa kidole hakifiki, kinachounganisha pampu na paipu ya chuma ndani ya tanki. Kilikuwa kimevimba na kulainika kama mhogo uliovundikwa, na kimepasuka kwa urefu wake. Pampu ilikuwa inasukuma petroli na nusu yake inarudi tanki hapo hapo kupitia ule mpasuko, haijafika hata kwenye filta. Injini ikizima, presha yote inatokea hapo hapo.

Aliyeweka pampu mpya alikata kipande cha mpira wa kawaida wa petroli, ule wa nje. Na mtu ataona hakuna kosa, si ni mpira wa petroli? Mzee alinielewesha kwamba mpira wa kawaida umetengenezwa petroli ipite ndani na nje yake iwe hewa, gamba la nje halikutengenezwa kulowa. Ukiuzamisha kwenye tanki unakunywa petroli kwa nje, unavimba, unapasuka. Unaozama una maandishi ya 30R10, usipoyaona hayo maandishi usikubali kuwekewa, hata kama muuzaji anaapa. Nimezunguka maduka ya spea hapa mjini nikiuuliza, wengi wananionyesha mpira wa kawaida na kunihakikishia ni ule ule. Mwisho uliagizwa Kariakoo ukaja na basi, kipande kidogo bei yake inakaribia mita nzima ya ule mwingine, na sijutii hata shilingi. Vibano navyo wakaweka vile vya kukaza kwa bisibisi vyenye ukingo laini visivyokata mpira.

La pili lilikuwa soksi, yani kile kichujio cha kitambaa chini ya pampu. Haikuwa imeziba. Ilikuwa imefungwa imeelekea mbele na imepinda kwenda juu, badala ya kulala chini ya tanki. Gari ikipanda kilima petroli inakimbilia nyuma ya tanki, kama iko chini ya robo soksi inabaki juu inavuta hewa. Pampu ikivuta hewa presha inakufa na gari inazima, ukirudi tambarare petroli inarudi inaifunika, gari inawaka. Hakuna mashetani. Wakaweka soksi nyingine wakaielekeza inavyotakiwa kulala, na mzee akanipa nasaha kwamba petroli ndo inayoipoza pampu, ukizoea kuendesha mshale uko kwenye E pampu inafanya kazi ya moto na maisha yake yanakuwa mafupi.

Wakarudisha, geji bado imefungwa. Kimpira kimechomolewa, 42. Kimpira kimerudishwa, 34. Resi, mshale umesimama. Riteni ikabanwa sekunde, ikaruka kupita 60. Injini ikazimwa, tukakaa tunaangalia saa ya simu, dakika 5 zikapita iko 30. Pampu ni ile ile iliyohukumiwa kufa, ndo iko kwenye gari mpaka leo ninavyoandika. Alafu mzee mwenyewe akaniambia tukapande mlima, hakutaka niweke mafuta kwanza, tukaenda Bugando mshale ukiwa chini ya robo, gia ya pili, nimekanyaga mpaka chini, gari inapanda kama ya mtu mwingine. Baada ya hapo nimeshaenda nayo Sengerema kupitia daraja la Kigongo na Busisi na kurudi, na asubuhi inashika stata moja.

Nozeli naomba niziseme kidogo maana kuosha nozeli kumekuwa biashara. Alizisikiliza kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye nozeli mpini kwenye sikio, kila moja inagonga tik tik tik sawa na mwenzake, alafu akapima ohm (ukinzani wa umeme), zote nne zilikuwa karibu na 14 kama zinavyotakiwa kuwa. Akasema hizi haziguswi. Kuosha nozeli kuna wakati wake, injini ikimisi silinda moja ile ile kila siku na moto upo na kompresheni ipo, hapo sawa. Lakini kuzitoa bila sababu unaharibu oringi na unaweza kuingiza uchafu ambao haukuwemo.

Kuhusu uchakachuaji, hakubishana kwa maneno. Alichota petroli kutoka chini ya tanki akaijaza kwenye chupa nyeupe akaiweka kwenye jiwe tukaendelea na kazi. Maji ni mazito kuliko petroli, yangekuwepo yangekaa chini na ungeona mstari. Hakukuwa na mstari, harufu safi, vumbi kidogo la kutu tu la tanki la miaka mingi. Huu uzoefu ameutoa mwaloni Kirumba alikoanzia kazi, injini za mitumbwi ya dagaa, kule maji kwenye mafuta ni mambo ya kila wiki, injini ikikuzimikia usiku katikati ya ziwa huna pa kuegesha, kwa hiyo mtu anajifunza kuhakikisha badala ya kuhisi. Nadhani ndo maana yuko hivi alivyo. Na kwa wanaolaumu mafuta ya taa kila gari ikimisi, tangu kodi yake ilipopandishwa 2011 faida ya kuchanganya ilishuka sana, mi ningeanza na maji yanayoingia kwa mfuniko wa tanki uliochoka mpira wakati wa masika. Ukiwa na mashaka ya kweli na kituo, tunza risiti na kachupa ka sampuli, EWURA ndo wanaosimamia ubora wa mafuta.

Wakati nasubiri kulikuwa na Hilux ya kabureta, ya zamani kuliko yangu, inamwaga petroli juu ya injini kila ikiwashwa. Kuna mtu alimfungia mwenye gari pampu ya umeme ya EFI baada ya pampu ya zamani ya kusukumwa na injini kufa. Kabureta inataka psi 3 au 4 tu, ile sindano inayofungwa na boya haiwezi kuzuia presha ya EFI, petroli inapita inafurika. Walimtolea, wakamtafutia pampu ya aina yake, wakasafisha chemba ya boya. Naisema kwa sababu wengi tunadhani pampu ni pampu, na hii ni hatari ya moto kabisa, sio suala la gari kula mafuta.

Bei. Kupima peke yake ni elfu 30 na unailipa hata kama hutengenezi kwao, kuna mteja nilimsikia analalamika mbona analipia kuangaliwa tu. Mi naona ndo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote kwenye hii gari, ukilinganisha na pampu, plagi na kuosha nozeli nilivyolipia kabla. Kazi ya kufungua na kufunga pampu niliongeza elfu 40, spea unanunua mwenyewe, hawauzi spea, na hilo kwangu ni jambo kubwa maana fundi asiyeuza pampu hana sababu ya kutamani pampu yako iwe mbovu. Spea za zamani wanakurudishia zote mkononi, ule mpira uliopasuka ninao kwenye droo ya gari na nimeshawaonyesha watu kadhaa.

Yasiyonipendeza yapo. Wanachelewa, sana, mzee hafanyi gari mbili kwa pamoja na foleni ikiwepo utaondoka utarudi kesho, hakuna kivuli cha wateja na mvua ikinyesha pale ni tope tupu. Risiti ni ya kuandika kwa mkono, kwa gari ya kampuni itakusumbua. Simu anapokea akiwa amemaliza anachofanya, ukipiga katikati ya kazi inaita mpaka inakata. Na upande wa gari mpya mpya zile za direkti injeksheni, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, walisema wazi hawana vifaa vyake, presha zake ni za juu sana, wakamwelekeza mwenye gari kwingine, mi nimehesabu hilo kama sifa. Dizeli wanafanya lakini sijaona kazi yao siwezi kuisemea.

Nawapa nne na nusu kati ya tano, hiyo nusu ni ya foleni na lile tope. Jumamosi wamefunga, mzee ni Msabato, Jumapili wapo kuanzia asubuhi. Fika mapema kabla ya saa mbili, gari iwe imelala haijawashwa kama tatizo lako ni la asubuhi, ikiwezekana ivutwe, maana akiikuta ya moto atakwambia uiache mpaka kesho yake. Na usijaze tanki kabla ya kwenda, kichwa cha pampu hawafungui tanki likiwa limejaa, robo hivi inatosha.